Kichupa cha 412

Kiwandani, 3 Februari

Mpwa wangu Swali,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na paka wa stoo, napenda kukutangazia kwamba friza ya maabara yetu ya maziwa imepata mpini mpya. Ni wa chuma, una skrubu nne, na umefungwa leo saa tatu na robo asubuhi na fundi aliyekubali kuja baada ya barua kumi na moja, moja kila mwaka. Meneja alitoa hotuba. Alisema, "Haya, Baridi, sasa usitusumbue tena." Nilipiga makofi peke yangu.

Tuje kwenye shida yako. Umeomba vichupa, na vichupa vinakuja. Utaratibu wangu unaujua toka ukiwa mtoto wa kuuliza "kwa nini" mpaka tukakupa jina, lakini nitaurudia, maana watu wa taasisi mnapenda kila kitu kiwe kwenye karatasi. Kila Jumatatu natoa mbegu ya mtindi kwenye kichupa cha wiki iliyopita, naikuza kwenye maziwa, najaza vichupa viwili vipya, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, navitia namba, navigandisha, halafu natia sahihi daftarini. Namba hiyohiyo huchapwa kwenye vifuniko vya mtindi wa wiki hiyo, ili mteja akilalamika tumjue mama wa mtindi wake. Mbegu ya leo ni mtoto wa mbegu ya wiki iliyopita na mjukuu wa ile ya kabla yake. Miaka kumi na tisa, vichupa mia tisa themanini na nane, ukoo mmoja, hakuna Jumatatu iliyorukwa. Kuna wafalme wasioweza kusema hivyo kuhusu koo zao.

Nimekupakia vyote vya akiba kwenye barafu kavu. Dereva wa lori nimemwambia ndani mna ini la mtu, ili aendeshe kwa adabu.

Mama yako hajambo, anakusalimu sana. Haandiki kwa sababu nguo za watu zimembana. Unawajua mafundi cherehani na ahadi zao. Kasema ule vizuri.

Mimi nastaafu mwezi wa saba. Wameniahidi cheti cha "utumishi usio na doa". Nimewaomba kiwe cha fremu, si cha kukunja.

Mjomba wako,
Baridi


Taasisini, 26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Vimefika vyote, hakuna kilichovunjika. Dereva alikataa hata maji, aliuliza tu kama mgonjwa amepona.

Vya zamani, vile mia nne na kidogo vya mwanzo, vimekataa kuota. Nadhani ni uzee. Haidhuru: kusoma vinasaba hakuhitaji bakteria aliye hai. Hata maiti husomeka.

Uliniuliza nafanya nini hasa huku. Nitakueleza kwa Mama. Unaujua ule uzi wake ukutani, ambao kila akimaliza nguo ya mteja hukata kipande kidogo cha kitambaa na kukitunga, kipya mbele, vya zamani vikisogea nyuma? Mteja akija kubisha kwamba nguo haikushonwa hapa, Mama hushika uzi, huhesabu, na kumwonyesha kipande chake. Basi bakteria naye ana uzi. Virusi vikimvamia na akabahatika kupona, hukata kipande cha vinasaba vya adui na kukishona kwenye vinasaba vyake mwenyewe, kipya mbele. Siku virusi vile vikirudi, walinzi wanapita na nakala ya kipande mkononi, wanalinganisha, na wakikuta vinafanana wanakata. Mtoto anarithi uzi mzima. Ni kinga inayojifunza, Mjomba, kwenye kiumbe kisicho na ubongo wala damu.

Walinzi hao ni protini, na wao ndio tunaowagawa makundi. Kundi la kwanza, walinzi wengi hushikana, kila mmoja na sehemu yake ya kazi. Kundi la pili, mlinzi mmoja mkubwa hufanya yote. Ndani ya makundi hayo kuna aina sita, wengine wanasema saba, na vijiaina zaidi ya thelathini, na kila baada ya miaka michache mabingwa hukaa, hugombana, na kulipanga kabati upya. Mimi nataka kuwaonyesha uzi mmoja ukikua wiki kwa wiki kwa miaka kumi na tisa. Simjui mwingine mwenye kitu hicho ila wewe.

Jopo linanisikiliza tarehe 14 Juni. Nina miaka mitano hapa na sina kipya cha kuonyesha. Wasiporidhika nafunga mizigo, bila shahada. Sasa unajua umebeba nini kwenye ile barafu.

Uzi wa Mama siku hizi kipande cha mbele ni kipi? Nataka kukipiga picha kichwani.

Mpwa wako,
Swali


Kiwandani, 11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa miwani.

Makundi yako nimeyaelewa upesi kwa sababu nayafanyia kazi. Kundi la kwanza ni ofisi yetu ya utawala: kufungua dirisha moja panahitajika mwombaji, mpitishaji, mwenye ufunguo, na mtu wa kueleza kwamba dirisha hilo halifunguki. Kundi la pili ni mimi.

Nimekwenda kwa mama yako Jumapili, kama kawaida. Kanipa kijiko cha mtindi jikoni, tukasengenya majirani kwa kiasi kinachoruhusiwa. Uzi nimeuangalia. Kipande cha mbele ni kijani chenye maua meupe. Kizuri.

Halafu kuna mtu mmoja hapa kazini, simtaji, ana udadisi wa kwenu. Ameniuliza hivi: hao wanaosoma nyuzi za bakteria, wanaweza kujua kama mbegu, tuseme, wakati fulani ilichanganyika na nyingine? Nikamwambia nitauliza. Si jambo la haraka. Lakini ukijibu haraka si vibaya.

Mjomba wako,
Baridi


Taasisini, 2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mwambie huyo mtu wako ndiyo, tunaweza kujua, ila asubiri kidogo, nina kubwa kuliko hilo.

Kaa chini. Kuanzia kichupa cha 1 hadi cha 411 uzi unakua kama ulivyopaswa: vipande kumi na tisa, ishirini, mpaka thelathini na moja. Mlinzi ni mmoja, kundi la pili. Kichupa cha 412, wiki moja tu baadaye, uzi ni mwingine kabisa! Vipande kumi na viwili, hata kimoja hakifanani na vya zamani. Na walinzi ni wengi, kundi la kwanza. Hali inabaki hiyo mpaka mwisho.

Profesa anayenisimamia aliiangalia chati, akasema, "Binti, ama umechanganya vichupa, ama tuna jambo." Nikamjibu, "Vichupa ni vya Mjomba wangu." Akauliza, "Kwa hiyo maana yake nini?" Nikasema, "Maana yake tuna jambo."

Nakueleza ninavyowaza. Walinzi hawa wanajulikana kwa kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Inadhaniwa hata asili yao, sehemu fulani, ni vinasaba virukaji, vinavyojihamisha vyenyewe: wezi wa zamani walioajiriwa kuwa askari. Kwa hiyo mbegu yako wiki ile ilivua kinga yake yote na kuvaa ya mgeni. Kwa wiki moja! Sijaona mahali palipoandikwa hivyo. Kwa sasa nimesoma eneo la kinga tu. Kumsoma bakteria mzima kuna foleni mpaka Agosti, na jopo ni Juni. Nitasimama na nilichonacho.

Nilitegemea pia kuona kosa moja ambalo sijaliona. Mara nyingine bakteria hujikosea, akakata kipande cha vinasaba vyake mwenyewe na kukitunga kwenye uzi. Walinzi hawajui utani. Wanamkata mwenye nyumba.

Nifanyie jambo moja: liangalie daftari la wiki ya 412. Kulikuwa na lolote?

Na jingine. Kile kijani chenye maua meupe nilikiona mbele ya uzi nilipokuja mara ya mwisho, miaka mitatu iliyopita. Nguo za watu zimembana Mama, lakini uzi hausogei?

Swali


Kiwandani, 15 Aprili

Mpwa wangu,

Daftari nimeliangalia. Linasema: "Jumatatu. 412. Mbegu imehamishwa. Hali ya kawaida." Sahihi ipo, ni yangu, na mkia wake umekunjwa vizuri.

Kuhusu uzi wa mama yako, labda umejaa. Nyuzi hujaa.

Paka wa stoo amezaa wanne. Baba hajajitokeza.

Huyu mzee aliyeishia darasa la saba ana ushauri mmoja. Agosti si mbali. Kwa nini jopo lisisubiri Agosti, umsome huyo bakteria mzima, ndipo useme? Haraka haraka unaujua mwisho wake, sina haja ya kuumalizia.

Baridi


Taasisini, 4 Mei

Shikamoo Mjomba,

Jopo halisubiri mtu. Nimeandika, Profesa amesoma, amerekebisha mkato mmoja na kusema endelea. Na kinga hiyo mpya nimeipa jina: kijiaina cha Baridi. Najua majina rasmi ni herufi na namba, lakini kwenye mazungumzo watu huita wanavyotaka, na mimi ndiye nitakayeanza mazungumzo. Ukurasa wa kwanza nimeandika: "Kwa Mjomba, ambaye hakuruka Jumatatu."

Umekaa kimya mno kuhusu hili. Nilidhani ungechinja paka kwa furaha.

Kitu cha ajabu: nimehesabu tarehe, na wiki ya 412 ndiyo wiki ya mtihani wangu wa mwisho wa sekondari. Barua yako ya wiki ile ninayo bado, iko ndani ya kamusi. "Huku sote wazima, wewe tazama karatasi yako." Nilifaulu kwa barua hiyo, sikuwahi kukuambia.

Ila uzi haujai, Mjomba. Uzi unaongezwa. Na barua ya Mama ya mwaka jana ni mwandiko wako; k zako zina mguu mmoja mrefu kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Kama Mama amenikasirikia kwa kukaa huku mpaka leo, sema tu. Mimi si mtoto. Nitaumia, kisha nitaendelea na kazi.

Swali


Nyumbani, 13 Mei

Swali, mwanangu,

Usiisome hii ukiwa umesimama.

Mama yako hajakukasirikia. Na kichupa cha 412 ni cha uongo. Mambo haya mawili ni jambo moja, ndiyo maana nimeshindwa kukuambia moja bila la pili.

Wiki ile boila ya kiwanda ilipasuka, tukafunga siku tisa. Jumamosi jirani akanigongea: mama yako ameshindwa kuinuka kitandani. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Wodini walimlaza siku kumi na tatu. Mikono imevimba, magoti yamevimba, homa haishuki. Daktari alikuwa kijana aliyevaa soksi mbili tofauti, akatueleza hivi: "Kinga ya mwili wake inaviona viungo vyake kama adui. Askari wanampiga mwenye nyumba." Ulipoandika mwezi wa nne kuhusu bakteria anayejikosea, nilikaa juu ya ndoo nikaisoma aya ile tena na tena.

Nilimwambia mama yako, "Namwita Swali."

Akasema, "Ana mtihani Jumatano."

"Atafanya mwakani."

"Kaka, ukimwita, nitaamka hapa nikufie mikononi, tuone utakavyomweleza."

Hakuwa na nguvu ya kushika kijiko, lakini nilimwamini. Ile barua ya "sote wazima" niliiandikia gotini, pembeni ya kitanda chake, yeye ndiye aliyetamka maneno. Alitaka hata mikato iwe ya furaha. Ugonjwa haukuondoka. Unalala, unaamka. Miaka mitatu hii mikono haishiki mkasi. Kile kijani chenye maua meupe ndicho cha mwisho alichokata.

Sasa friza. Mpini ulikuwa umekatika mwezi uliotangulia, nikawa nafunga mlango kwa kamba ya kiatu, mafundo mawili kila jioni. Siku boila ilipopasuka, katika zogo lile, nilifunga fundo moja. Nilikaa wodini wiki nzima bila kuikumbuka. Niliporudi Jumapili ya pili mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja, na vichupa vyangu vyote vinaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Nilijaribu kuviotesha kuanzia vya mwisho kurudi nyuma. Hakuna kilichoamka. Hukukosea kusema ni maiti, ila haikuwa uzee.

Jumanne boila inawashwa, lita elfu tatu za maziwa zinasubiri mbegu. Nikakimbilia dukani kununua mtindi wetu wenyewe, niokoe ukoo humo. Umekwisha, tumefunga siku tisa na watu wanaupenda. Rafu nzima ilibaki na kikombe kimoja, cha kampuni nyingine, cha vanila. Nilikinunua. Nikakikuza, nikakiandika 412, nikarudisha tarehe nyuma mpaka ile Jumatatu niliyokuwa wodini, nikatia sahihi. Vifuniko vya 412 vilikuwa vimeshachapwa kabla ya boila kupasuka, vikafunika mtindi wa Jumanne. Wote tuliokunywa mtindi wa kiwanda hiki tangu hapo tumekunywa kizazi cha kile kikombe. Mwezi ule meneja alipokea barua tatu za pongezi kuhusu ladha.

Kwa hiyo kijiaina chako cha Baridi, mama, ni mtindi wa vanila wa dukani. Lifute jina langu kabla hujasimama mbele ya watu wale. Yule mtu wa kazini aliyekuwa akiuliza ni mimi. Lakini hilo ulilijua.

Nilidhani ni uongo mdogo, wa daftari moja, nitastaafu nao. Sikujua kwamba bakteria nao wana daftari lao, na hawasahihishi.

Barua kama hii nampelekea meneja kesho.

Mjomba wako


Taasisini, 29 Mei

Mjomba,

Nimeondoa kila kitu. Profesa nilimsomea aya mbili za barua yako. Hakufoka. Alifunga kompyuta taratibu, kama anayefunika maiti, akasema nikapumzike. Ningependa angefoka.

Jopo limenipa mpaka Desemba kwa sharti moja. Vile vichupa 411 vinasomeka lakini havipigani. Wanataka mbegu ya ukoo ule wa kwanza ikiwa hai, niipambanishe na virusi mbele yao, waone kwamba vile vipande thelathini na moja kweli ni kinga na si mapambo. Nikiipata, ninabaki. Nisipoipata, nafunga mizigo.

Hilo ni la kazi. La nyumbani ni hili. Barua zenu za miaka kumi na moja nimezitoa zote, nikazipanga juu ya kitanda kama ninavyopanga bakteria. Kundi la kwanza, uongo unaohitaji watu wengi kushikana: wewe, Mama, jirani, daktari wa soksi. Kundi la pili, uongo unaofanywa na mtu mmoja, anajitosheleza. Kichupa cha 412 ni kundi la pili. "Sote wazima" ni kundi la kwanza, arobaini na sita kwa jumla. Nimepanga mpaka nikachoka, kisha nikalia juu ya makundi yote mawili.

Miaka mitano nasoma habari za walinzi wanaomgeukia mwenye nyumba. Mngeniuliza, Mjomba. Mngeniuliza nini, sijui, mimi si daktari wa watu. Lakini mngeniuliza.

Nijibu mambo mawili. Kabla ya wiki ile, uliwahi kumpa mtu yeyote mbegu hiyo, hata tone? Na Mama aniandikie kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zikilala, zilale.

Swali


Kiwandani, 6 Juni

Swali!

Nilimpa! Nilimpa mama yako!

Nisamehe, nianze kwa utaratibu. Meneja aliisoma barua yangu, akauliza, "Watu walilalamika?" Nikasema hapana, walipongeza. Akasema, "Basi usituletee maneno." Lakini ni mtu wa haki: kwenye cheti changu amekata kwa kalamu "usio na doa". Kimebaki "Cheti cha Utumishi". Fremu ni ileile.

Sasa sikiliza. Mwaka wa kwanza wa mbegu, wewe ukiwa darasa la nne, nilimpelekea mama yako kijiko kimoja ndani ya kikombe cha chai. Tangu siku hiyo anaamsha mtindi jikoni kwa kijiko cha mtindi wa jana, jana kwa juzi, miaka yote kumi na tisa. Umekaa pale kwenye kabati la sahani, chini ya pua yangu! Kila Jumapili naonja, nafumba macho, namwambia, "Hii ndiyo yenyewe." Ni ladha ya zamani, ya kabla ya aibu yangu. Pua inaweza kudanganywa, macho yanaweza, lakini ulimi wa mtu aliyefanya kazi ya maziwa maisha yake yote, hapana.

Utauliza kwa nini sikuuchukua siku ile ya friza. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao mama yako wodini, chini ya mto. Ningeuomba, angeuliza wa nini, na ningelazimika kumwambia vichupa vyangu vimekufa mimi nikiwa nimekaa kitandani kwake. Angelibeba hilo mpaka leo pamoja na magoti yake. Nikaona bora duka.

Jana nimekwenda na barafu. Sikumweleza mambo ya friza wala ya 412, nimemwambia tu kwamba umeshajua ugonjwa wake, na kwamba unahitaji mtindi wake kwa masomo. Alilifunika bakuli, akalifunua tena. Nadhani ni furaha. Nimechukua bakuli lote, limeondoka leo asubuhi kwa dereva yuleyule. Safari hii nimemwambia ni moyo.

Mwambie Profesa afungue kompyuta.

Mjomba wako,
Baridi


Nyumbani, 9 Juni

Mwanangu,

Mwandiko ni wangu, usicheke. Nimeanza asubuhi na sasa watu wanatoka kazini.

Nisamehe kwa kukuficha. Nilisema nitakuambia ukimaliza mtihani, kisha ukaja mtihani mwingine, na mwingine, wewe mitihani yako haiishi. Mikono ni asubuhi tu inakataa. Mchana naweza kumenya kitunguu. Ukija tutakaa, utaniuliza yote, nami nitajibu yote, hata yale ya aibu.

Kaka alikuja na barafu, akachukua mtindi wangu kwa heshima kama anabeba mtoto mchanga, akaondoka anaimba. Nikashindwa kumwambia. Naona nikuambie wewe, usije ukahangaika bure na huo mtindi.

Ile mbegu aliyonipa ukiwa mdogo siyo hii. Nilipolazwa ile mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kuuamsha, ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliporudi nilikuta bakuli limeota ukungu mpaka ukingoni. Nilimwaga. Nikamtuma jirani dukani, nikaanza upya. Kaka alipokuja Jumapili akaonja, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Ningemwambiaje? Alikuwa amekonda kwa kulala wodini kwenye kiti. Nikamwacha. Jumapili zilizofuata ikawa vigumu zaidi.

Lakini usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nilimwagiza jirani asiniletee takataka za kampuni nyingine. Nilisema nataka wa kiwandani kwa kaka tu, ukoo wetu uleule, na bahati nzuri ulikuwa ndiyo kwanza umeingia, boila yao imewashwa wiki ileile. Kifuniko chake ninacho mpaka leo, nafunikia kopo la vifungo. Nimekishika hapa. Namba yake ni 412.

Mama yako